Karibu Tena

Shemdoe alinyamaza katikati ya neno, kijiko cha uji kikiwa hakijafika mdomoni. Mkewe, Mwanaidi, akajua moyo umesimama. Hakupiga yowe; siku hizi nani anapiga yowe? Kila mtu ana msimamizi wake, kidude kama punje ya mtama kilichopandikizwa kifuani, na chochote kikizima mwilini, kidude hicho hukiwasha upya.

Hata hivyo, Mwanaidi hakuwahi kuuzoea muujiza huo. Aliacha maandazi yake akatazama. Rangi ilirudi midomoni mwa mumewe taratibu, kama moto unaoshika kuni mbichi. Vidole vikacheza. Kifua kikapanda. Subhanallah, mtu alikuwa amekwenda, na sasa amerudi na kijiko chake mkononi!

"Karibu tena, baba Hiza," alisema. Ndiyo desturi: aliyerudi hukaribishwa, kisha maongezi huendelea pale yalipokatikia, wala haambiwi alikuwa huko kwa muda gani.

"Nilikuwa nasema paa la jikoni linavuja," akaendelea Shemdoe.

Mwanaidi alicheka kwa furaha, akageukia kikaango.

Kikaango hakikuwepo. Alikuwa ameketi kitini, shuka limemfunika mabegani, na Shemdoe amepiga magoti mbele yake, macho yamemlowa.

"Karibu tena, mama Hiza."

Mwanaidi akafuata desturi.

"Linavuja upande gani?"

Mwanaidi akainua macho. Juu yake palikuwa na mabati asiyoyajua, nayo yalikuwa yameshaanza kushika kutu.