Mluzi Kabla ya Beti

Fundi Shembilu alikuwa mbele ya mitambo, akiung'arisha wimbo wa Mwanamkasi kabla haujapelekwa redioni. Mwimbaji mwenyewe alijilaza kwenye kochi nyuma yake. Mlangoni alisimama Bi Rukia, kiongozi wa bendi, mkoba begani.

Fundi akazipandisha sauti za chini zisimezwe na ngoma, na yote yaliyokuwa yamejificha yakatoka. Kila Mwanamkasi alipovuta pumzi kabla ya beti, ukasikika mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

"Nini hicho?" Bi Rukia akauliza.

"Feni," Mwanamkasi akadakia.

Fundi hakugeuka. Siku ya kurekodi, feni aliizima yeye mwenyewe.

"Kama ni kifua, mwanangu, sema. Kesho tunasafiri. Sitaki kukuzika njiani."

"Nimesema ni feni, Bi Rukia!"

"Haya. Shembilu, ni feni?"

Kidole cha fundi kilikaa juu ya kitufe.

"Ni feni," akasema.

Akazifuta pumzi zote, moja moja, mpaka wimbo ukatakata, ukawa kama umeimbwa na mtu asiyepumua. Kisha akazima spika.

Mluzi ukaendelea, kutoka kwenye kochi.