Kitambaa cha Mwalimu

Tarumbeta lilikuwa moja, na sisi tuliotaka kuingia bendi ya vijana hapa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, tulikuwa tisa. Lilipita mdomo kwa mdomo, na mate yake, na hakuna aliyejali.

Zamu yangu ilikuwa ya tano.

"Wewe Benedicte, nyumbani ni wapi?" mwalimu wa bendi aliuliza.

"Beni, Mwalimu. Kongo." Wakati huo Ebola ilikuwa Beni, na wengine wakacheka.

Nikapuliza. Nilipuliza mpaka waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Mwalimu alilipokea kwa ncha za vidole. Akatoa kitambaa, akakitia dawa ya kutakasa mikono, akasugua pale nilipoweka midomo. Alisugua mara tatu, ndipo akampa wa sita. Wanne walionitangulia hakuwafutia hata mmoja.

Mwishoni akaniita. "Umepita. Sasa sikia hii, halafu urudie."

Akapuliza yeye. Tarumbeta lilipotoka mdomoni mwake, uzi wa mate ulilifuata, ukakatika. Pale pa kupulizia pakabaki kipande cha karanga alizokuwa akitafuna tangu asubuhi.

Akanipa. Wote walikuwa wakitazama.

"Mwalimu," nikasema, "unipatie kwanza ile kitambaa."

"Ya nini?"

"Na ile dawa."