Foleni ya Mhuri

Gauni la tatu liligoma kwapani. Rubén akalivuta kwa nguvu mpaka likashuka, kisha akamvika mkewe koti lake mwenyewe, mifuko imejaa soksi na chaja za simu.

"Nashindwa kupumua," Nélida akasema.

"Utapumua Sevilla. Hizi ndege za bei chee ni za wajanja, bibi. Begi likizidi kidole kimoja tu, wanakukamua."

Tangu Buenos Aires alikuwa akisoma mawaidha kwa wageni wa ng'ambo wanaopanda ndege za Ulaya, akayashika kama sala. Usilipie kiti. Njoo na chupa tupu ya maji. Lipia begi kubwa la mtu mmoja, linampa na foleni ya mbele, vya wote viingie humo. Kwa hiyo hapo uwanja wa ndege wa Bergamo, Italia, yeye alikuwa na foleni fupi ya mbele, na Nélida alikuwa na kiti cha nyuma kabisa, ubavuni mwa choo.

Jambo moja tu lilimkera. Yeye alikuwa na pasipoti ya Italia, kwa kuwa babu yake alikuwa Mwitaliano. Nélida alikuwa na ya Argentina peke yake, na asiye wa Ulaya lazima apite kaunta kwanza, pasipoti mkononi, tiketi yake igongwe mhuri.

Rubén akafungua kimkoba alichokivaa chini ya shati, akatoa pasipoti ya mkewe. Hakuiachia mara moja.

"Bila mhuri hupandi. Mimi natangulia, pa kuweka begi panagombaniwa. Binamu yangu anatungoja huko Sevilla, na kesho unaanza kazi jikoni kwake. Usinitie aibu."

"Hukuniuliza habari za hilo jiko."

"Nakwambia sasa."

Akaenda. Nélida akaingia kwenye foleni. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango alikopotelea mumewe, akatazama saa tena. Miguu haikutulia.

Nyuma yake msichana wa Australia alikuwa karibu kulia. "Mimi naachwa! Naachwa leo!"

"Pita, mwanangu."

"Na wewe je, mama?"

"Nitawahi."

Mzee mmoja wa Brazil na mkewe wakamwangalia kwa macho ya kuomba. Akawapisha nao.

"Mungu akupe mume mwema, binti," mzee akasema.

"Ninaye tayari, mzee. Ananitosha."

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Rubén akauliza.

"Foleni haiendi."

"Haiendi, au wewe ndiye huendi? Piga kelele! Sema una mimba, tumbo si unalo, na magauni yote hayo!"

"Wewe umeshaingia?"

"Ndiyo wanatuingiza."

"Basi ingia, Rubén. Nauli zao hazirudishwi."

Kwa hilo hakubisha. "Naingia. Lakini wewe kimbia, mwanamke! Kimbia!"

Nélida akajing'ata kidole. Mara spika zikaanza kuita abiria wa mwisho wa Sevilla. Zikaita jina lake, zikalikosea, zikaliita tena. Mbele yake kijana mwenye gitaa alikuwa anapekua mifuko yote akitafuta pasipoti iliyokuwa mdomoni mwake. Watu wakacheka. Nélida hakucheka.

Alipofika kaunta, karani, binti mdogo wa Kiitaliano, alitazama tiketi, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Lango limefungwa sasa hivi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ndege imeshaanza kusogea."

"Na aliyekwisha kuingia? Hawezi kuomba ashushwe?"

"Hashuki mtu." Karani aliona macho yake yamelowa, akamshika mkono. "Usilie, mama. Kesho asubuhi kuna nyingine. Ngoja nikutafutie nafasi."

"Asante, mwanangu, usijisumbue." Nélida akaikumbatia pasipoti kifuani, akafuta macho. "Nionyeshe tu basi la kwenda ule uwanja mwingine wa ndege, Malpensa, linasimama wapi. Tiketi yangu ya kurudi Buenos Aires, niliyojinunulia mwenyewe, ni ya leo jioni."