Vumbi la Waridi

Mama Pombe, kama majirani walivyomwita, alikung'uta gunia tupu la shayiri, viganja vikabaki na vumbi la rangi ya waridi.

Shayiri ya chakula haipakwi rangi. Hii ilikuwa mbegu ya kupanda ya mumewe, iliyopakwa sumu ya kuulia wadudu na rangi ya kuonya.

Mwezi uliopita kimea cheusi, shayiri iliyokaangwa ya kupikia bia, kilipomwishia, alisema liwalo na liwe, akachota shayiri kwenye gunia alilolipapasa katika giza la stoo, gunia hili hili, akaikaanga ikawa nyeusi tii. Rangi gani ingeonekana tena? Akapikia bia.

Alijisugua kwa aproni. Vumbi halikutoka.

"Shemeji!" mdogo wa mumewe akaita kutoka sebuleni, akicheka. "Leo umepatia, jagi zima la bia yako nyeusi tumelimaliza! Ila mumeo, glasi mbili tu kashalala. Tunamwamsha, haamki."