Ghorofa Mbili, Anwani Moja

Alonzo Pettiford hakuwa na nywele, hakuwa na gari, hakuwa na magego, na hakuwa na intaneti. Yale matatu ya mwanzo alikuwa ameshayazoea.

Hilo la nne lilimkera kila jioni. Mjukuu wake, askari aliyepangiwa kambi ya Korea, alikuwa akipiga simu ya video saa moja. Ili amwone, Alonzo alilazimika kupanda ngazi hadi jikoni kwa Verlene, shemeji yake, na kuomba intaneti kama mtu anayeomba chumvi.

"Nimechoka kuombaomba," alimwambia mpwa wao, Roderick, aliyekuja kutoka Cleveland Jumapili ile kulimaliza jambo hilo. Kwake Alonzo alikuwa mjomba na Verlene shangazi. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzao, wakiishi nyumba moja pale Youngstown, mmoja chini, mwingine juu.

Roderick alitandaza fomu mezani kwa Verlene. "Mjomba, wamekukataa mara mbili. Wazee wenye kipato kidogo wanapewa punguzo la bei ya intaneti, lakini ni moja kwa kila kaya, na shangazi analo tayari kwa anwani hii hii. Ndiyo maana wanataka karatasi ya kueleza kwamba nyinyi ni kaya mbili. Mara zote wanasema hukuiweka."

"Niliiweka."

"Shemeji, wewe unatafuta miwani ukiwa umeivaa," alisema Verlene, akikoroga sufuria ya mboga za sukuma wiki. "Mjazie vizuri, baba, na mimi nipumzike. Kila siku ananimalizia kahawa."

Roderick akashika kalamu. "Bili ya umeme mnachangia?"

"Kila mtu na yake," alijibu Alonzo.

"Na chakula?"

"Mimi nile na huyu?" Verlene alicheka. Akaopoa shingo ya bata mzinga yenye nyama nyingi, akaikatakata vipande vidogovidogo, akaiweka mbele ya Alonzo. "Andika hapana."

"Andika hapana," alisema Alonzo, mdomo umejaa.

Akatia saini. Roderick akazipanga karatasi mbele ya macho yao, moja moja, akazitia kwenye bahasha. "Zote zimo. Mjomba, safari hii usiziguse."

"Wiki chache tu, nitakuwa naongea na mjukuu wangu nikiwa kwangu, nimevaa soksi."

"Nitatoa sadaka ya shukrani," alisema Verlene.

"Nani anaipeleka posta?" aliuliza Roderick.

"Mimi, kama kawaida. Nikimwachia yeye itaishia chini ya godoro."

"Mpe tu," Alonzo alimwambia mpwa wake. "Bahasha inataka mtu mwenye ulimi mrefu."

Verlene akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo. Wanaume wakashuka, Roderick akitafuta funguo za gari, Alonzo akimkumbusha kupunguza mwendo.

Verlene alisubiri mpaka mlango wa chini ukafungwa. Akachomoa ile karatasi ya kaya mbili kwenye bahasha, akaikunja, akaitumbukiza ndani ya kopo la unga wa mahindi, juu ya zile mbili za mwanzo.

Kisha akailamba bahasha, akaibana vizuri kwa kiganja, akaenda kuitia kwenye sanduku la posta la pale pembeni, akiharakisha, maana saa moja ilikuwa inakaribia na kahawa ilikuwa bado haijatengwa.