Nanga ya Siku ya Tatu

Kila siku ya tatu Tunu aling'oa nanga, akaizungusha mashua yake ya matembezi ghubani mara moja, kisha akatia nanga pale pale. Sheria ya mji iliwaruhusu wasafiri wa starehe kutia nanga siku tatu tu. Afisa wa bandari, Mzamilu, aliuona ujanja huo na kunyamaza. Alijua kwamba mume wa Tunu alizama pale, na mwili wake haukupatikana.

Asubuhi moja Mzamilu alikuja na boti ya doria, akamkabidhi karatasi.

"Ghuba yote imefungwa, dada. Hakuna kutia nanga tena, hata saa moja. Nimetumwa nihakikishe umeondoka."

"Kaburi linahamishwa, afande?"

"Kwenye ramani hapa hakuna kaburi," alisema bila kumtazama.

Tunu akaanza kuvuta kamba. Ilipanda kidogo, ikakaza. Akavuta mpaka viganja vikachubuka.

"Imenasa kwenye mwamba."

Mzamilu akachomoa kisu, akamwelekezea mpini. "Ikate tu. Nanga utapata nyingine."

"Na mimi nilimwambia hivyo hivyo," Tunu alisema. "Akasema mtu haachi nanga yake baharini. Akavua shati, akapiga mbizi kuinasua. Nanga ikatoka. Yeye hakutoka."

Alikipokea kisu, akakiweka juu ya kamba. Kamba ilikuwa ikitetemeka, kana kwamba huko chini kuna mtu ameishika.