Kufuli la Sanduku

Asubuhi ya usafi wa bweni, rafiki yake wa kitanda cha chini alimwekea Jaji kufuli mkononi, funguo zikining'inia.

"Chukua. Mimi silihitaji tena."

Jaji, aliyepewa jina hilo kwa kuendesha kesi za soksi zilizopotea huku amejitanda shuka, aliligeuza kufuli lile kama kielelezo cha ushahidi. Bwenini mtu angekupa figo kabla hajakupa kufuli la sanduku lake. Lilikuwa bado na joto la kiganja.

Kwa wiki tatu Jaji alikuwa akimchekesha rafiki yake, akimbembeleza ale, akimsindikiza hata bafuni. Vichekesho vilikuwa vimemwishia, na mgongo ulimuuma kama wa babu.

Akaketi kando yake. "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?"

Rafiki yake aliutazama ufagio. Akaitikia kwa kichwa. "Usimwambie matroni."

"Nitamwambia."

"Msaliti wewe."

"Sawa, utanishtaki. Ila leo mahakama inakaa kwa matroni, na sina nguvu za kukubeba. Twende."

Akamnyooshea mkono. Rafiki yake aliusogeza ufagio kando, akainuka.

"Basi nipe kufuli nifunge kwanza," alisema. "Humu mna wezi."